Shali ya Mtoto wa Jaani

Naliaka hakuwa mchafu, na hilo lieleweke tangu mwanzo, maana yalisemwa mengi juu yake pale landi, na waliosema wengi wao sufuria zao zilikuwa hazitazamiki. Landi ni zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli Nakuru: chumba kimoja kwa mtu na familia yake, ukuta mmoja kwa majirani wawili, na reli yenyewe ikipita karibu na mlango kiasi kwamba gari moshi likija vikombe vinacheza. Na vumbi! Upepo ukivuma kutoka upande wa ziwa, lile vumbi jeupe la magadi halibakizi kitu na rangi yake. Lakini ungeingia kwa Naliaka wakati wowote ungekuta sakafu imefagiwa, vikombe vimefunikwa kitambaa, na chini ya kitanda sanduku la bati lenye kufuli ambalo hata mumewe hakuligusa bila ruhusa.

Humo sandukuni ndimo ilimokaa shali. Ilikuwa ya sufu, nyeupe, laini, pana ya kumfunga mtoto mara mbili. Naliaka alipewa na memsahib mmoja, bibi wa Kizungu wa Njoro, ambaye alimlelea watoto wake wawili kabla hajaolewa. Siku ya kuagana memsahib alimwambia, "Sufu ni chakula cha nondo, Naliaka. Ukiiweka ovyo utakuta matundu matupu." Akamwonyesha tena, ingawa Naliaka alikuwa ameona mara nyingi: fua kwa maji ya uvuguvugu, anika kivulini, kunja, tia sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, funga. Naliaka alilishika somo hilo kama alivyoishika sala ya Baba Yetu. Watoto wa memsahib wote wawili walifungwa shali ileile ikitoka sandukuni na harufu yake kali ya kuwasha pua, na wote wawili walinenepa wakawa na mashavu ya kupendeza. Sasa nani angeshuku kitu?

Mumewe, Khisa, alikuwa Mbukusu wa Kimilili kama yeye. Walikuja Nakuru mwaka ule wa Mau Mau serikali ilipowapakia Wagikuyu kwenye malori na vyumba vya landi vikabaki wazi, na chumba walichopewa kilikuwa cha mama mmoja aliyeitwa Wangare. Walikuta jiko lake bado lina majivu. Naliaka alilia kidogo, kisha akazoa majivu yale akafagia, kwa sababu ilibidi walale mahali.

Kazi ya Khisa ilikuwa kugeuza reli. Nakuru ndipo njia zinapoachana: moja inakwea Molo kwenda Kisumu, nyingine inapanda Timboroa kwenda Uganda. Khisa ndiye aliyevuta kile chuma kirefu kinachosogeza reli ili kila gari lishike njia yake. Aliipenda kazi hiyo hadi ikawa kero. "Nikilala mimi," alikuwa akiwaambia watu, "wa Kisumu wanaamkia Eldoret!" Na watu walicheka, ingawa walikuwa wamesikia hayo tangu Pasaka.

Mtoto wa kwanza alikuwa mvulana. Alizaliwa mzima, analia kwa nguvu, akapewa jina la babu yake, akafungwa shali. Kabla kitovu hakijadondoka macho yake yakageuka manjano, kisha ngozi, kisha mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Akaacha kunyonya. Wakamzika upande wa makaburi ya Waafrika, na Naliaka akaifua shali kwa maji ya uvuguvugu, akaianika kivulini, akairudisha sandukuni. Aliona tundu dogo la nondo pembeni, basi akaongeza vidonge.

Wa pili alikuwa msichana, Nekesa. Naye alifungwa shali, naye aligeuka manjano kidogo, watu wakaanza kutafuta maneno ya pole, lakini yakapita akaishi. Tangu hapo Naliaka akaitwa Mama Nekesa. Wa tatu alikuwa mvulana tena. Huyo hakufika hata Jumapili ya kupelekwa kanisani.

Mama mkwe wake, Nabalayo, alikuja kutoka Kimilili kwa mazishi hayo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na yote mazito. Alikaa kitini kutwa nzima bila kugusa chakula, na watu walipoondoka akamwambia mwanawe, mbele ya Naliaka, wala hakupunguza sauti: "Damu ya mwanamke huyu inakula wanaume. Msichana imemwacha. Wavulana inakula. Mimi nimeona. Akizaa mwingine wa namna hii, Khisa, utakuja nyumbani nikuonyeshe mke."

"Mama, wacha basi," Khisa akasema.

"Nimemaliza," akajibu Nabalayo, na kweli alikuwa amemaliza. Asubuhi alipanda gari akarudi kwao.

Khisa hakumtukana mkewe wala hakumpiga, hilo tumpe haki yake. Lakini pia hakusema kwamba mama yake amekosea. Na Naliaka alilisubiri neno hilo mwezi baada ya mwezi, akipika, akifua, akimsuka Nekesa nywele, na neno halikuja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndiyo, lakini kuna uchungu mwingine wa kuogopewa na mtu unayelala naye kitanda kimoja, na huo Naliaka aliujua peke yake.

Alipopata mimba ya nne hakumwambia mtu. Jirani yake Awuor ndiye aliyemtazama akichota maji akajua. Awuor alikuwa mke wa mchochea makaa wa gari moshi, mwanamke mrefu, sauti yake inasikika landi nzima, na watu walimwita Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, kwa sababu ndivyo Wajaluo wanavyomheshimu mwanamke aliyeolewa.

"Yawa! Mama Nekesa, unanificha mimi?" akasema, ameshika kiuno. "Kwani mimi ni polisi?"

Naliaka akaanza kulia palepale, ndoo ikimwagika. Akamwambia yote: wavulana, maneno ya Nabalayo, yule mke anayengoja Kimilili. "Nyar Ugenya, huyu akiwa mvulana akafa, mimi nimekwisha. Si kwa sababu ya mke mwingine. Nitakuwa nimekwisha tu."

Awuor akaisimamisha ile ndoo. Kisha akasema, "Nyinyi Wabukusu hamtupi watoto?"

"Tunatupa," akasema Naliaka, akijipangusa.

"Basi. Na sisi tunatupa. Kaka yangu mwenyewe anaitwa Owiti, alitupwa, na sasa ana wake wawili na tumbo kubwa hivi. Huyu tutamtupa. Mimi nitamwokota."

Ni desturi ya watu wa magharibi, na mababu hawakuianzisha kwa mchezo. Mama aliyefiwa na watoto mfululizo, akizaa tena, mtoto hupelekwa jaani, kwenye majivu na maganda, akalazwa huko kama takataka. Mwanamke mwingine hupita "akamwokota." Kifo kikija kumtafuta mtoto wa Naliaka kinaambiwa Naliaka hana mtoto, kuna kitoto cha kuokota tu, kibaya, hakina mwenyewe. Na mtoto wa namna hiyo havalishwi vizuri, hasifiwi, hafungwi kitu kipya. Huvaa matambara mpaka akomae.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Julai, wakati ukungu unashuka kutoka mlima Menengai na watu wanazungumza wakitoa moshi mdomoni. Mvulana. Mkunga alipotamka neno hilo Naliaka alifumba macho. Asubuhi ileile Awuor akambeba hadi jaa la landi, akamlaza juu ya majivu, akaenda zake hadi kwenye bomba la maji, akarudi akiimba kama mtu asiye na habari.

"Mama wee! Nani ametupa mtoto hapa?" akapiga kelele. "Wenyewe wako wapi?"

Wanawake wakatoka vyumbani, wanajua wanachotakiwa kusema. "Hatumjui! Hana mwenyewe! Mwache hapohapo!"

"Ubaya huu wote!" akasema Awuor, akimwinua. "Tazama pua! Basi, kwa kuwa hakuna anayemtaka, ni wangu." Akamfunga kwa ovaroli kuukuu ya mumewe, iliyojaa viraka na doa la mafuta lisilotoka, akampelekea Naliaka mlangoni. "Wewe mama, nimeokota mtoto na sina maziwa. Ninyonyeshee. Na sikiliza: ni mtoto wangu, na nguo yake ni hii. Usimbadilishe mpaka niseme mimi."

"Nimesikia," akasema Naliaka, akampokea. Wakamwita Makokha, jina la mtoto wa jaani.

Makokha akanyonya. Macho yake yalikuwa meupe. Naliaka aliyatazama kila asubuhi, akimpeleka mlangoni kwenye mwanga, na kila asubuhi yalikuwa meupe. Kitovu kikadondoka. Khisa alianza kuingia chumbani akipiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi, na jioni moja alimshika mkewe begani akasema, "Mama Nekesa, huyu anakaa." Naliaka akafurahi hata akaogopa furaha yenyewe.

Kisha simu ya maandishi ikafika stesheni kwamba mama yake Awuor amefariki, na Awuor akapanda gari la Kisumu na watoto wake. Ilijulikana atakaa huko mpaka mavuno, maana kulikuwa na wadogo wa kutunzwa. Dirishani mwa behewa alitoa kichwa akapaza sauti, "Mtoto wangu! Ovaroli yangu!" na wanawake wa landi wakacheka.

Baridi ikazidi. Ovaroli ile ilikuwa nyembamba magotini na ikinuka mafuta hata ikifuliwa, na miguu ya Makokha ilikuwa baridi kila Naliaka alipoigusa. Siku moja kwenye bomba mwanamke mmoja akasema kwa mzaha, "Huyu ni mtoto au ni spana?" Wengine wakacheka, na Naliaka akacheka nao. Lakini alifika chumbani akaketi kitandani akamtazama mwanawe. Alijisemea kwamba yeye ni Mkristo, aliyebatizwa. Alijisemea kwamba kaka zake Makokha wote wawili walifungwa shali nzuri na huyu aliyekaa ndiye anavaa takataka. Je, Mungu akimtazama huyu mama atasemaje? Amempa mtoto wa tatu wa kiume, na yeye anamfunga tambara la mafuta kwa kuogopa kifo kana kwamba kifo ndicho Mungu. Tena ni baridi, jamani. Mtoto alikuwa anatetemeka.

Akavuta sanduku, akafungua kufuli. Harufu ikampanda puani hadi macho yakatoa machozi, harufu ya nyumba ya memsahib, ya usafi, ya watoto wanene. Akamfunga Makokha mara mbili, akakifunika kichwa chake, na mtoto akalala usingizi mzuri. Naliaka akamwimbia. Huo ndio ukweli: alikuwa na furaha.

Macho yaligeuka manjano kesho yake jioni.

Safari hii hawakungoja. Khisa alimbeba mtoto ndani ya koti lake la kazi, wakaenda hospitali kwa miguu, nusu wakikimbia, Naliaka nyuma, Nekesa mgongoni. Sista akamfungua mtoto mezani, akaiweka shali kando. Daktari alikuwa Mgoa kijana, Mhindi wa Goa, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru kabisa. Alimpima mtoto, akatazama nepi yenye doa jeusi, akauliza kama wapo waliotangulia kufa, walikufaje, wavulana au wasichana. Kisha akasimama ghafla, akanusa hewa, akaiokota shali akaileta puani.

"Hii imekaa na nini?"

"Na vidonge vya nondo, daktari," akasema Naliaka. "Ni safi. Huwa naifua."

"Na wale wengine? Walifungwa hii hii?"

"Ndiyo, daktari. Hii hii."

Daktari akampa sista shali, akamwambia aitoe nje kabisa, nje ya jengo. Akamgeukia Khisa, akisema upesi: mtoto anahitaji damu, kutolewa ile mbovu kidogo kidogo na kutiwa nyingine, je, baba atatoa? Khisa alikuwa mtu wa kuogopa sindano, landi nzima ilijua. Akavua koti akanyoosha mkono. Walipokwisha kumpima na kukuta damu yake inafaa, wakaanza, na Naliaka akaketi kwenye benchi nje, Nekesa amemlalia mapajani, hata machozi hayakumjia.

Kulipopambazuka daktari akatoka, akaketi nao kwenye benchi. Alikuwa amechoka. Akasema mtoto yu hai.

"Bwana Khisa, unafanya kazi gani?"

"Reli. Nageuza njia."

"Basi wewe utanielewa haraka. Ndani ya damu mna chembe nyekundu, nyingi, hazihesabiki. Kila chembe inakula sukari, ile inayotoka kwenye ugali, kwenye maziwa. Nyingi ya sukari hiyo inapita reli kubwa, inachomwa, inatoa nguvu. Lakini kiasi kidogo kinageuzwa, kinashika reli ya pembeni."

"Inakwenda wapi hiyo ya pembeni?" Khisa akauliza.

"Haileti nguvu. Inaleta walinzi. Chembe nyekundu inabeba hewa kila saa, na hewa ndiyo inayotia chuma kutu, si ndiyo? Wale walinzi ndio wanaofuta kutu. Sehemu nyingine za mwili zinapata kwa reli hiyo hata vifaa vya kujengea, na zikikosa walinzi zina njia nyingine za kuwapata. Chembe nyekundu haina. Ina reli hiyo moja tu."

"Na huyu mtoto?"

"Huyu, yule anayegeuza reli ndani ya chembe zake ni dhaifu. Siku za kawaida anavuta hivyohivyo, walinzi wachache wanapita, mtoto ananenepa, hujui kitu. Lakini sumu ya vidonge vile ikiingia kwa pumzi na kwa ngozi, inataka walinzi wengi kwa mara moja. Hawapo. Chembe zinapasuka. Yale manjano, ule mkojo, ni damu yake iliyopasuka."

Khisa akatazama mikono yake. Alikuwa ameelewa. Naliaka ndiye aliyeuliza, "Mbona watoto wa memsahib hawakufa?"

"Wao mgeuza reli wao ni mzima. Udhaifu huu unakaa zaidi kwa watu wa nchi za malaria. Kwenu huko, hata sisi Wahindi wengine. Na huyu mgeuza reli mtoto wa kiume anampata kwa mama peke yake. Msichana anao wawili, wa mama na wa baba, mmoja akishindwa mwingine anavuta. Ndiyo sababu huyu mdogo aliponea." Akamgusa Nekesa kichwani. "Mama, kwenu kuna mwanaume aliyewahi kukojoa mkojo mweusi?"

Naliaka akakumbuka mjomba wake, kaka ya mama yake, aliyekwenda vita vya Burma. Rafiki yake alirudi na habari kwamba walipewa dawa ya malaria, wote wakameza, wote wakapona, na yeye akakojoa mkojo mweusi akafa. Nyumbani walisema amerogwa na Wajapani. Akamweleza daktari, na daktari akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema ndiyo, dawa moja hufanya hivyohivyo.

"Haya yamejulikana juzi tu," akasema. "Mimi nimeyasoma mwaka huu. Wale wa kwanza hata ungeniletea, nisingejua. Si kosa lako, mama. Ni damu."

"Damu ni yangu," akasema Naliaka. "Shali ni yangu. Mkono uliowafunga ni wangu. Sasa daktari, niambie, katika hayo lipi si langu?"

Ndipo Naliaka alipolia, kwa sauti, mpaka wagonjwa wakainua vichwa, na Khisa akamshika kwa mkono wake ule uliotolewa damu. "Mama alikosea," akasema. "Mama Nekesa, unanisikia? Mama yangu alikosea." Lile neno alilolingoja muda wote likaja siku ambayo alikuwa amejua kwamba Nabalayo hakukosea sana.

Kabla hawajaondoka daktari aliwaambia jambo moja zaidi. Manjano yalikuwa yamepanda sana kabla ya damu kuingia, na yakipanda hivyo yanaweza kufika kichwani yakaharibu kitu. Wamtazame anavyokua, wamrudishe apimwe. Walisema ndiyo, ndiyo, daktari, asante. Mtoto alikuwa ananyonya. Mtu ambaye mtoto wake ananyonya hasikii mengi.

Shali Naliaka aliichoma mwenyewe jaani, na vidonge vyote akavitia shimoni chooni. Makokha akarudi ndani ya ovaroli, akanenepa, akaanza kucheka. Alikuwa mtoto wa kutazama watu usoni. Ukimchekea anacheka, ukikunja uso anakunja. Na alikuwa na sifa moja ambayo Khisa aliitangaza stesheni nzima: hakushtuka. Gari moshi la barua lilipita hatua chache kutoka kichwani kwake, likapiga honi ya kuamsha wafu, vikombe vikacheza, Nekesa akaziba masikio, na Makokha akalala. Khisa alikuwa akija mbio kutoka kazini kuulizia. "Amelala? Hata leo? Huyo ndiye mtoto wa reli! Huyo ataendesha gari la Mombasa!" Madereva wengine walianza kupiga honi makusudi wakipita landi, kumsalimu Makokha, na Khisa akiwapungia mkono. Nabalayo akaletewa habari, akatuma kuku na salamu kwa mjukuu wake jasiri. Habari za mke mwingine hazikusikika tena.

Awuor alirudi baada ya mavuno, na mahindi, na kelele zake. Naliaka alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe, Makokha amekaa mbele yake juu ya gunia akitazama ndani, mgongo kwa njia. Naliaka alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia Awuor juu ya shali, ameyapanga kwa miezi, kwamba nilivunja amri yako, kwamba tambara lako ndilo lilikuwa likimlinda. Alipomwona akija kwa kunyata, kidole mdomoni, akakaa kimya kuuacha mzaha wake.

Awuor akafika nyuma ya mtoto, akainama, akapiga makelele yake yote: "Nani ametupa mtoto hapa!"

Kuku wakaruka. Mwanamke wa chumba cha pili akatoa kichwa. Makokha akaokota harage, akalitazama, akalitia mdomoni.

Awuor akacheka, kisha akaacha kucheka. Akapiga makofi upande wa kushoto wa kichwa cha mtoto, halafu wa kulia. Akachukua kifuniko cha sufuria akakigonga ukutani. Makokha aliendelea na harage lake. Kisha kivuli cha Awuor kikaangukia gunia, mtoto akageuka, akamwona, akamcheka kwa uso wake wote.

"Mama Nekesa," akasema Awuor, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema polepole. "Huyu mtoto tangu lini?"

Naliaka alikuwa akizihesabu nyimbo alizomwimbia, na aliona kwamba ule wa siku ya shali, alipomfunga mara mbili akalala vizuri, huenda ndio aliousikia wa mwisho. Akamwinua mtoto akamkumbatia, na Awuor akaketi chini kwenye vumbi na nguo zake za safari.

Walikuwa bado wameketi hapo gari la barua lilipopita. Likapiga honi, refu, ya salamu. Baada ya kitambo Khisa akaonekana anakuja njia ya reli, kofia mkononi, anatabasamu tangu mbali.

"Mmesikia honi ya leo?" akauliza kabla hajafika. "Na yeye je? Hakushtuka?"

"Hakushtuka, Baba Makokha," akasema Naliaka. "Njoo uketi."